Mhadhara wa Mzee wa hadubini, Kigoma: shajara ya mradi, mwaka wa kwanza na wa pili

Naandika hii kwa ajili ya wale jamaa wa Tabora na Kasulu wanaouliza tulifanyaje huu mhadhara wa kila mwaka wa kumuenzi Mzee, maana kila mmoja namtumia voisi ya dakika kumi na nimechoka kurudia. Naweka kila kitu hapa, na hela, na aibu. Nitaongeza kadri hatua zinavyoisha.

3 Machi 2024, wazo

Tumetoka kwenye arobaini ya Mzee, tumekaa nje pale mtaa wa Mwanga watu saba, wote tulipita mikononi mwake kwa namna moja au nyingine, wanne ni wataalamu wa maabara, wawili walimu, na mimi ambaye niliishia kuuza simu. Familia imeomba jina lake lisiwekwe mtandaoni, kwa hiyo humu ni Mzee tu.

Kwa wasiomjua, alikuwa mtu wa maabara, miaka na miaka anasoma slaidi za damu na kinyesi, na alikuwa na tabia moja inaudhi kweli. Ukimwambia "Mzee, hii malaria" anakujibu "sijakuuliza ni nini, nimekuuliza unaona nini." Basi unaanza upya kama mtoto, naona kipete cha bluu, kina kidoti chekundu pembeni, kimekaa ndani ya chembe ya damu. Hapo ndo anatingisha kichwa anakupa slaidi nyingine.

Mwalimu wa baiolojia akasema wenzetu wana utaratibu wa kumuenzi mtu kwa mhadhara. Royal Society ya London, chama cha wanasayansi cha Uingereza, wana mhadhara wenye jina la Leeuwenhoek, yule muuza vitambaa wa Delft aliyekuwa anasaga lensi zake mwenyewe miaka ya 1670, hakusoma chuo kikuu chochote, akaona vidudu ndani ya tone la maji. Marekani nao chama chao cha baiolojia ya seli kina mhadhara wa Keith Porter, mmoja wa waliotoa picha ya kwanza ya seli nzima kwa hadubini ya elektroni mwaka 1945. Sasa Mzee wetu hakugundua kitu, lakini amefundisha watu kuangalia, na sisi tukasema inatosha. Kila mwaka mwezi wa kumi, mtu mmoja anaitwa, anaongea kuhusu hadubini na seli, anapewa heshima yake, watu wanajifunza. Tukapeana mikono.

19 Mei 2024, bajeti

Grupu la WhatsApp, watu 31, ahadi milioni moja na nusu, zilizoingia kufikia leo laki tatu na ishirini. Kawaida.

14 Septemba 2024, bango

Bango limetoka, mita tatu kwa mbili, elfu 75. Zuri, rangi zimekaa vizuri. Tumelitundika njia panda na lingine dogo Ujiji. Limeandikwa MHADHARA WA DARUBINI. Mimi ndo nilipeleka maneno kwa fundi na sikuona shida yoyote, wala watu 31 wa grupu hawakuona, wote waliweka dole gumba.

12 Oktoba 2024, siku yenyewe, mwaka wa kwanza

Nitaandika polepole maana hii ndo sehemu ya kujifunza.

Ukumbi ulijaa, watu kama 140. Saa nane mchana tunaanza, kijana mmoja anakuja na wenzake watatu, "shikamoo kaka, mwezi tunauona saa ngapi?" Nikadhani utani. Kumbe darubini kwao ni ya kuangalia mbali, na wana haki, ndivyo ilivyo, ya kuangalia vidogo ni hadubini. Mwingine alikuja akiamini ataona nyumba za ng'ambo, Kongo. Mzee mmoja wa Bangwe alikuwa na swali kuhusu kuandama kwa mwezi, amejiandaa kabisa na karatasi. Na kibaya zaidi usiku ule mwezi ulikuwa juu, umeshapita nusu, safi, na sisi hatuna cha kuwaonyesha.

Mzungumzaji alitoka Dar, mtu mzuri na anajua mambo yake, ila alikuja na slaidi 84 za kompyuta na zote Kiingereza. Alifika ya tisa umeme ukakatika. Jenereta lipo, petroli haipo, aliyepewa hela ya petroli alinunua soda za kuongezea. Mzungumzaji akaendelea gizani kwa kuelezea picha ambazo hatuzioni, "hapa upande wa kushoto mnaona mitokondria", na watu kwa adabu wanaitikia "ndiyooo".

Hadubini tulikuwa nayo moja, ya mtumba, tumeiweka pembeni na ganda la kitunguu lililopakwa iodini. Foleni ikaanza. Sasa piga hesabu ambayo sisi hatukuipiga: watu 140, kila mtu dakika mbili, hiyo ni dakika 280, karibu saa tano. Waliofanikiwa kuchungulia hawafiki 20. Na katika hao wengi waliona kope zao wenyewe, maana mtu asiyezoea anabandika jicho kwenye lensi anaona majani meusi yanachezacheza anafurahi.

Mgeni rasmi akapewa nafasi ya kwanza kama ilivyo desturi. Akainama. Akakaa muda mrefu. Akasema kwa sauti, "Naam, seli naiona, ni ya duara kabisa na ina ukuta mnene mweusi." Watu wa maabara tukaangaliana. Duara safi lenye mzingo mnene mweusi ni povu la hewa, limebanwa chini ya kavaslipi, kile kioo chembamba cha kufunikia slaidi, kwa sababu aliyeandaa (simtaji, anasoma hapa) aliiangusha kavaslipi bapa badala ya kuilaza kwa mshazari kuanzia upande mmoja. Hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Akapigiwa makofi. Nilimkumbuka Mzee hapo, kwa sababu kwa kanuni yake mgeni rasmi alikuwa sahihi kabisa, alisema alichokiona, ni sisi tuliokaa kimya.

20 Oktoba 2024, hesabu

Ukumbi 200,000. Viti na spika 120,000. Bango 75,000. Projekta ya kukodi 50,000. Nauli na malazi ya mzungumzaji 310,000. Ngao ya heshima 60,000. Soda, maji na vitafunwa 285,000. Keki 90,000, ndiyo, keki, yenye umbo la hadubini, usiniulize. Mengineyo 45,000. Jumla 1,235,000, makusanyo 1,180,000, deni 55,000 ambalo nimelilipa mimi.

Ndani ya hayo mengineyo kuna elfu nne ya vitunguu, nyembe na iodini. Yaani kati ya milioni moja na laki mbili, elfu nne ndo ilikwenda kwenye kuangalia. Mwalimu aliposoma hiyo kwenye kikao palikuwa kimya, afu mmoja akasema mwakani keki hakuna. Tukakubaliana kitu kimoja tu, mwaka wa pili kila atakayekuja aone kitu kwa jicho lake na aseme ameona nini. Mengine yote yapangwe baada ya hapo.

25 Januari 2025, kasha la Mzee (mengine nimeyaongeza baadaye)

Familia imetuazima hadubini yake ya zamani, ile ya kioo chini badala ya taa, na kasha la mbao lenye slaidi zake za kufundishia 40. Kuna za malale, kuna homa ya papasi, kuna mayai ya kichocho. Tumeshukuru sana.

Kufungua hadubini, kuvu. Kwenye lensi unaona kama nyuzi za buibui, hapa kwetu masika na unyevu wa ziwa havina huruma. Mmoja wetu akachukua spiriti ya famasi na pamba, akailowanisha lensi ya 100 (ile inayokuza mara 100) vizuri kabisa, akaisugua. Kuvu ikatoka kweli. Kesho yake lensi ina ukungu ndani kwa ndani, spiriti imeingia imelegeza gundi inayoshika vioo. Kwa hiyo wenye kuiga: karatasi laini ya lensi, tone dogo tu, futa kwa kuzungusha kutoka katikati kwenda nje, na usiloweke. Pamba ya kawaida ina vumbi linakwaruza, na karatasi ya chooni ndo usithubutu.

Kutunza isirudi kuvu tuliambiwa weka balbu ndani ya kabati ipashe joto. Tukaweka, wiki tatu, kuvu inarudi. Balbu za siku hizi hazitoi joto la maana, zile za zamani za waya ndo zinachoma, na kuzipata sasa ni shughuli. Kilichosaidia ni vile vipakti vya chembe za kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya simu na viatu, mimi dukani ninavyo vya kumwaga. Ila ukivitoa kwenye boksi vinakuwa vimeshashiba unyevu, ikabidi tumwage chembe kwenye kikaango, moto mdogo wa mkaa, tuzikaushe, afu tuzifunge kwenye kitambaa. Kila mwezi tunarudia. Tangu Machi lensi safi.

29 Machi 2025, rangi

Tulitaka watu waone damu, damu ya leo. Mtaalamu wetu akajitoboa kidole chake mwenyewe (sindano mpya, glavu, na hatutoboi watu wa nje, hilo liwe wazi), akapaka slaidi nyembamba, akaigandisha kwa methanoli, akaipaka Giemsa, rangi ya slaidi za damu. Ikatoka bluu. Chembe nyekundu zote zimekuwa rangi ya jivu kama zimemwagiwa wino. Akarudia mara nne, Giemsa ya chupa nyingine, bluu.

Tukalaumu duka kwanza. Kumbe maji. Maji ya bomba ya hapa yanatoka ziwani, na Tanganyika maji yake yana alkali, tukachovya ule ukanda wa kupima pH (kipimo cha asidi na alkali) ukasoma karibu 9. Giemsa ya damu inataka 7.2. Yaani mtu kahangaika wiki mbili na jibu lipo kwenye ndoo. Mzee lazima alilijua, ndo maana alikuwa na dumu lake la maji ya mvua kwenye kona na sisi tukidhani ni ushamba.

Marekebisho: vidonge vya bafa ya 7.2 (vinashikilia pH ya maji hapo), kimoja kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakti, tumia maji yaliyochujwa chumvi au ya mvua safi. Rangi asilimia 10, dakika kumi. Na ukishaichanganya na maji haikai, tuliwahi kuchanganya asubuhi tukatumia jioni ikatoka michanga ya zambarau kila mahali. Changanya unayotumia sasa hivi.

7 Juni 2025, simu na bomba

Hii ni idara yangu. Ili watu wengi waone kwa pamoja unashika simu juu ya lensi ya macho na picha inaenda kwenye runinga kwa kebo. Kwa mkono haiwezekani, ukipumua tu picha inapotea, unabaki na kiduara cha mwanga kinakimbia. Nikanunua kishikio cha elfu 22 mtandaoni, kilipofika hakiingii kwenye hadubini ya Mzee, shingo yake nene.

Tukaenda kwa fundi bomba. Kipande cha bomba la plastiki kinachovaa shingo ya hadubini, tumekichana upande ili kibane, juu yake kava la simu la mpira limetobolewa pale kwenye kamera na kubandikwa kwa gundi. La kwanza lilikuwa fupi, kamera ikagusa kioo, picha ikawa na duara jeusi pembeni. La pili refu, hivyo hivyo. Kuna umbali wake mmoja ambao duara linajaa, na kila simu una wake, kwa hiyo chagua simu moja ibaki ya kazi hiyo. La tatu ndo hili. Bomba, gundi, kava na kebo, pamoja na ile hasara ya kishikio, 47,000.

27 Septemba 2025, turubai

Wiki mbili zimebaki na hakuna turubai wala spika mjini, zote zipo kwenye kampeni za uchaguzi. Aliyekuwa na moja anataka laki mbili na nusu kwa siku. Tumeamua uwanja wa shule, chini ya mwembe, bure. Bango lile lile la mwaka jana, tumebandika stika ya HADU juu ya DARU, elfu kumi. Inaonekana kabisa imebandikwa, na watu wanasimama kusoma kwa sababu hiyo.

11 Oktoba 2025, siku yenyewe, mwaka wa pili

Mzungumzaji, daktari mama kutoka Mwanza, basi liliharibika baada ya Kibondo, kafika saa tisa alfajiri. Saa tatu asubuhi yupo uwanjani anakagua slaidi. Tulimwambia mapema kabisa, mama, hakuna projekta, ongea Kiswahili, na utaongea baada ya watu kuona. Alicheka akasema afadhali.

Meza nne, hadubini nne (tatu za kuazima), na ile runinga. Kitunguu, seli za shavuni, maji ya kidimbwi, damu. Kila mtu anapewa kikaratasi na penseli, achore alichokiona kabla ya kuambiwa ni nini. Kwenye kila meza mtu wetu mmoja ana kazi moja tu, kuuliza "unaona nini?" Watoto ndo wazuri. Mmoja wa darasa la tano kwenye maji ya kidimbwi kasema "kiatu kinachoogelea". Paramesia, kidudu cha seli moja, na kwa kweli ni kiatu.

Makosa hayakukosekana. Saa nne na nusu mawingu yakafunga, na hadubini ya Mzee inategemea mwanga wa mbingu, giza. Kijana akageuza kioo kutafuta jua linapochungulia, nikamkimbilia, kamwe usielekeze kioo kwenye jua lenyewe, utaunguza jicho la mtu, unaelekeza kwenye wingu jeupe au ukuta mweupe. Tukaweka tochi ya sola na karatasi ya kupikia keki mbele yake kutawanya mwanga (keki ya mwaka jana imeacha faida moja). Ikafanya kazi vizuri kuliko wingu.

La pili kubwa zaidi. Meza ya damu tunatumia lensi ya 100 na mafuta yake maalumu, yale yanayopitisha mwanga sawasawa na kioo. Jamaa wetu katika haraka akarudisha lensi ya 40 wakati mafuta bado yapo juu ya slaidi. Ya 40 ni kavu, haitaki mafuta, ikajikokota humo, kuanzia hapo kila kitu kikawa kama unaangalia kupitia glasi ya uji. Hata wazoefu hufanya hili. Ukishaweka mafuta, ya 40 isahau mpaka ufute.

Kwenye slaidi ya homa ya papasi ya Mzee alikuja bibi mmoja wa Ujiji, ameshikwa mkono na mjukuu. Runinga hakuitaka, alitaka mwenyewe. Tukamwekea kiti. Akaangalia, akauliza hivi vinyuzi vilivyojinyonga ndo nini, mtaalamu akamwambia, bibi, hao ndo wanaoletwa na papasi. Bibi akainua kichwa. "Mimi niliugua hiyo nikiwa mwari. Homa inakuja, inaondoka, unasema nimepona, inarudi. Nyumba nzima tukakandika upya, sakafu na kuta, kuziba nyufa." Akainama tena akakaa mpaka watu wa nyuma wakaanza kunung'unika na hakuna aliyemgusa. Alichora mistari mitatu iliyopinda kwenye kikaratasi chake.

Mhadhara wenyewe ulianza saa sita, dakika 40. Mama akaanzia kwa yule bibi. Akasema mwaka 1905 Robert Koch alikuwa nchi hii hii, wakati wa Wajerumani, anapasua papasi wa njia za misafara akiwatafuta hao hao vinyuzi, na mwaka huo huo upande wa pili wa ziwa, Kongo, daktari Mwingereza Joseph Dutton aliyekuwa anawachunguza akafa kwa homa hiyo hiyo, na kidudu kinabeba jina lake mpaka leo. Uwanja kimya.

Afu akaulizwa, na mvuvi wa Kibirizi, mbona virusi vya UKIMWI hamjatuonyesha. Hapa ndo niliona tofauti ya mwalimu na mwalimu. Akamwambia, baba, ukitega dagaa kwa wavu wa migebuka unapata nini? Mvuvi: hupati kitu, wanapita. Basi mwanga nao una matundu. Ernst Abbe wa Jena alionyesha mwaka 1873 kwamba vitu viwili vikikaribiana chini ya kama nusu ya urefu wa wimbi la mwanga, huwezi kuvitenganisha, hiyo ni kama elfu mbili ya sehemu kumi elfu ya milimita, yaani mikromita 0.2, na kirusi hicho ni nusu ya hapo. Kwa mwanga, unapita kwenye tundu.

Mvuvi akauliza, kwa hiyo ndo basi? Akasema hapana. Usiku wa giza ukikaa Kigoma ukaangalia taa za wavuvi wa dagaa kwa mbali, mitumbwi miwili iliyokaribiana unaona taa moja. Sasa mwambie huyu azime yule awashe, afu wabadilishane, na wewe uweke alama kila mara. Utajua wapo wawili, na kila mmoja yuko wapi. Eric Betzig na William Moerner walipata Nobel ya kemia mwaka 2014 kwa kuziwasha molekuli chache chache namna hiyo, pamoja na Stefan Hell aliyepita njia yake nyingine. Mvuvi akasema, "Hiyo tungewaambia sisi bure."

Ngao hatukutoa. Tulimpa dumu la mawese la lita tano, dagaa, na kile kikaratasi cha bibi, bibi mwenyewe alisema apewe.

19 Oktoba 2025, hesabu na yaliyobaki

Viti 50,000. Stika 10,000. Mzungumzaji 280,000. Zawadi 75,000. Maji ya kunywa 40,000. Fundi wa lensi 110,000. Mafuta ya lensi 35,000. Giemsa 45,000. Vidonge vya bafa 30,000. Slaidi na kavaslipi 28,000. Bomba na kebo 47,000. Jumla 750,000, na ya kuangalia ni 295,000. Deni hakuna. Vikaratasi vilivyorudi 163, nimevihesabu mwenyewe, na tisa kati yake ni kope.

(Marekebisho: hapo juu nimeandika "elfu mbili ya sehemu kumi elfu", daktari mwenyewe kasoma akanitumia meseji kwamba nimevuruga. Ni milimita moja igawe mara elfu tano, chukua kipande kimoja. Naacha kosa lilivyo muone.)

Lensi ya 40 bado ina ukungu kidogo, inarudi kwa fundi. Mzungumzaji wa 2026 hatujampata, tunataka mtu wa mimea safari hii. Na slaidi namba 14 ya Mzee haijarudi kwenye kasha. Lebo yake ina namba tu, wino wa bluu, Mzee hakuwa anaandika jina la ugonjwa. Aliyenayo ampe mwalimu, hakuna atakayeulizwa kitu.